Mashine ya Mamilioni, Fundi Bado Anatafuta Bolti

Wasee, leo tuongee ukweli ambao wadosi wengi wa karakana hawapendi kusikia. Ile mashine ya CNC uliyochukulia mkopo, ile uliyoipiga picha ikishuka kwa lori ukaandika "Mungu ni mwema", saa nyingi haikati chuma. Imewaka, skrini inang'aa, taa ya kijani iko, lakini imelala. Na kila mwezi unalipa benki ndio iendelee kulala vizuri.

Kama hujui CNC ni nini, tulia, sikuachi nyuma. Ni mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta. Fundi hazungushi mikono ya mashine akikodolea mstari. Anaipa programu ya namba: nenda hapa, shuka hivi, kata kwa kasi hii. Na wala si kitu cha jana. Pale MIT, Marekani, walionyesha mashine inayoongozwa kwa namba mwaka wa 1952, na wazo lilianza kwa John Parsons, jamaa aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Hiyo ni zaidi ya miaka 70. Babu yako alikuwa kijana.

Sasa, kuna kitu hakiwekwi kwa video za mashine. Video inakuonyesha chuma kikikatwa, maji ya kupozea yanamwagika, muziki mzito, umeshatazama mara tatu. Haikuonyeshi kilichotangulia. Kabla ya hicho kipande cha kwanza, mtu alitoa vaisi ya kazi iliyopita. Akafagia chenga za chuma. Akafunga vaisi nyingine na kuinyoosha kwa ile saa ya kupimia, gonga kidogo, angalia, gonga tena. Akatafuta vyombo vya kukatia, akavifunga, akapima urefu wa kila kimoja. Akatafuta sifuri ya kazi, yaani ile pointi ambayo mashine itaanzia kuhesabu. Akaandika namba kwa skrini. Akaenda kutafuta flashi yenye programu. Akaendesha programu hewani polepole, mkono kwa kitufe cha kusimamisha, roho mkononi. Akakata cha kwanza, akapima, kikakataa, akarekebisha, akakata tena.

Hiyo yote ndio setapu. Inahesabiwa tangu kipande kizuri cha mwisho cha kazi ya zamani mpaka kipande kizuri cha kwanza cha kazi mpya. Na ndani ya huo muda mashine haijaleta hata bob.

Fikiria mathree. Nganya inaweza kuwa na skrini saba, graffiti ya msanii noma, spika za kuvunja kioo, lakini ikiwa steji haiingizi kitu. Inaingiza ikiwa barabarani. Mwenye gari akimwambia dereva aendeshe kasi zaidi huku gari linakaa steji saa mbili kila safari, utamwambia ni fala. Lakini mwenye karakana anafanya hivyo hivyo, anapigiwa makofi, anaitwa mwekezaji.

Tupige hesabu, na hizi ni namba za mfano tu, unaweza kuweka zako. Mteja anataka vipande 5. Kila kimoja kinakatwa kwa dakika 6. Hiyo ni dakika 30 za kukata. Setapu ni dakika 90. Jumla dakika 120. Siku ya saa 8 ina dakika 480, kwa hivyo unamaliza kazi 4, na robo tatu ya siku mashine haijakata.

Mdosi anaona kazi ni chache, anaenda kununua mashine yenye kasi mara mbili. Sasa kipande ni dakika 3, vitano ni dakika 15. Ongeza setapu yako ile ile ya dakika 90, unapata 105. Kwa siku unamaliza kazi ngapi? Nne, na ya tano inabaki katikati. Umelipa mamilioni ukapata nusu ya kazi.

Sasa wacha mashine ya zamani mahali ilipo, ushushe setapu mpaka dakika 20. Dakika 20 na 30 ni 50. Kwa siku unamaliza kazi 9. Mashine ni ile ile, fundi ni yule yule, stima ni ile ile ya kupotea-potea. Hujanunua kasi. Umenunua muda uliokuwa ukimwagika chini kama oili.

Kuna msee tayari anasema, "Hizo ni mambo za viwanda vikubwa. Sisi huku ni kazi ndogo ndogo." Buda, umeigeuza kichwa chini. Mwenye kiwanda kikubwa anayekata vipande elfu kumi vya aina moja anaseti mara moja na kusahau. Hata setapu yake ikichukua siku nzima, akiigawa kwa elfu kumi ni vumbi. Wewe wa Kariobangi Light Industries unaletewa gia moja ya mashine ya kiwanda cha chai, bushi mbili za posho mill, shafti moja ya pampu. Setapu yote inaangukia kipande kimoja. Tuseme saa ya mashine yako ni shilingi 2,000. Setapu ya dakika 90 ni shilingi 3,000. Kwa vipande 500, hiyo ni shilingi 6 kwa kila kimoja. Kwa kipande kimoja, ni shilingi 3,000 kabla chuma hakijaguswa. Ndio maana mteja anashtuka ukimtajia bei, anaondoka, anaagiza ng'ambo, anangoja wiki kadhaa. Halafu tunakaa hapa kulia eti Wakenya hawapendi vitu vya Kenya.

Karakana ndogo ndiyo inaumizwa zaidi na setapu. Kwa hivyo karakana ndogo ndiyo inahitaji zaidi kuikata. Hii ndio sentensi moja ningependa utoke nayo leo.

Na kuna watu walishatembea hii njia, wakaacha alama. Mwaka wa 1950, injinia mmoja Mjapani, Shigeo Shingo, aliitwa kwa kiwanda cha Mazda pale Hiroshima. Mashine kubwa za kupiga mabati zilikuwa zinachelewesha kila mtu, na wakubwa walitaka kununua zingine. Shingo akaomba kwanza aangalie. Siku ya kubadilisha kifaa, fundi akapotea zaidi ya saa moja. Alikuwa wapi? Bolti moja ya kufungia ilikuwa haionekani. Akachukua ndefu ya mashine jirani, akaikata, akaichonga nyuzi, akarudi. Shida ilikuwa bolti, haikuwa mashine.

Sasa niambie hiyo si stori ya Gikomba. Niambie hujaona msee akizunguka karakana akiuliza, "Nani ako na aleni ya nane?"

Hapo Shingo akaona kitu rahisi mpaka kinaudhi. Kazi za setapu ni za aina mbili. Kuna zile ambazo lazima mashine iwe imesimama, kama kutoa vaisi. Na kuna zile unazoweza kufanya mashine ikiendelea kukata kazi nyingine: kutafuta bolti, kupanga vyombo, kupima urefu, kuleta programu. Tenganisha hizo mbili. Halafu chukua za ndani uzisukume nje kadiri unavyoweza. Mwaka wa 1969, kwa kiwanda cha Toyota, kulikuwa na mashine ya kupiga mabati ya tani 1,000 ambayo kubadilisha kulikuwa kunachukua saa 4, na wakubwa walisikia Volkswagen kule Ujerumani wanafanya kwa saa 2. Ndani ya miezi sita wakashuka mpaka dakika 90. Wakafurahi? Wakaambiwa sasa tunataka dakika 3. Na wakafika.

Kama Japani ni mbali, nenda kwa msee wa smokie pasua hapo nje. Nyanya zimekatwa, vitunguu vimekatwa, dhania imeoshwa, mayai yamechemshwa nyumbani. Ukifika anapasua, anajaza, unalipa, unaenda. Je, angengoja ufike ndio aanze kutafuta kisu? Ungemwacha hapo. Huyo msee hajawahi kusikia jina la Shingo, na ameshinda wadosi wengi wenye ofisi ya kioo. Ama kama wewe ni mtu wa Formula 1: mwaka wa 2023 kule Qatar, McLaren walibadilisha magurudumu manne kwa sekunde 1.80. Spana zilikuwa mikononi kabla gari halijafika. Hakuna mtu aliyekuwa anatafuta bolti.

Sasa tuingie kwa otomatiki, maana hapa ndipo watu wanapotea. Mkenya akisikia otomatiki anaona roboti, mkono mkubwa wa chungwa unabeba chuma. Anauliza bei, anazimia, anafunga mjadala. Roboti ni ngazi ya mwisho. Ngazi ya kwanza ni karatasi na simu.

Panda nami.

Ya kwanza: weka simu kwa stendi, rekodi setapu moja yote, mwanzo mpaka mwisho. Itazame na fundi wako, bila kelele. Hesabu dakika za kutembea, za kutafuta, za kungoja. Utaaibika, na ni sawa. Halafu andika karatasi ya setapu kwa kila kazi: vaisi gani, vyombo gani, namba gani, sifuri iko kona gani, na picha ya kazi ikiwa imefungwa. Gharama: karibu sufuri.

Ya pili: acha kubadilisha vyombo kila kazi. Mashine yako ina nafasi labda 16 ama 24 za vyombo. Amua vile unavyotumia kila siku, viweke, visitoke, na programu zote ziandikwe zikivijua kwa namba hizo hizo. Kazi mpya ikija, unaongeza kimoja ama viwili tu.

Ya tatu: meza ya mashine iwe na sahani ya chuma yenye matundu yaliyopimwa na pini. Vaisi inakaa kwa pini, inarudi mahali pale pale kila siku. Ile gonga-angalia-gonga inakufa. Wenye doh zaidi wananunua vishikizo vya kubana kwa hewa, unabonyeza tu na kazi imekaa. Lakini pini mbili zilizochongwa vizuri na karakana yenyewe zinafanya sehemu kubwa ya hiyo kazi. Una mashine ya CNC, si uichongee pini!

Ya nne: pima vyombo nje ya mashine, kwa kifaa cha kupimia urefu, wakati mashine inakata kazi nyingine. Kisha programu zitoke kwa kompyuta ya kuchorea zikiwa zimeshajaribiwa kwa skrini, ziende kwa mashine kupitia waya. Ile flashi inayozunguka mfukoni mwa kila mtu na virusi vyake muizike.

Ya tano ndio naipenda: probu. Ni kidole cha kupimia kinachokaa kwa mashine kama chombo kingine chochote. Asili yake ni Uingereza, miaka ya 1970, wakati David McMurtry alitafuta njia ya kupima mabomba membamba ya injini ya ndege ya Concorde. Alitengeneza ncha inayotuma ishara ikigusa tu. Leo unaweka kazi, unaita programu ndogo, kidole kinagusa pande, mashine inajua sifuri iko wapi na inaandika yenyewe namba kwa G54. Hakuna mtu aliyeandika 54.3 badala ya 45.3 saa kumi jioni akiwa amechoka, akagonga spindeli kwa vaisi. Wanaojua mlio huo hawausahau.

Lakini usidanganywe: probu haisafishi meza. Chenga moja ndogo chini ya kazi, na kidole kitakuandikia uongo kwa usahihi mkubwa. Ndio maana nimeiweka ya tano na sio ya kwanza.

Ya sita: paleti mbili. Unafunga kazi kwa moja nje wakati nyingine inakatwa ndani, zikimaliza zinabadilishana. Ya saba ndio roboti. Na ukimleta roboti kabla ya hizi zingine, atakaa pale na mkono wake wa mamilioni akingoja fundi amalize kutafuta bolti.

Sasa nije kwa wadosi, kwa sababu najua jibu lenu. "Kenya kazi ya mkono ni rahisi. Otomatiki ni ya nchi ambazo fundi analipwa sana." Mnaiskia mpaka kwa mikutano. Ni hoja mbovu. Mashine imesimama, unachopoteza si mshahara wa fundi peke yake. Unapoteza muda wa mashine, na mashine hukununua kwa bei ya Kenya. Ulinunua kwa dola, ukakopa kwa riba ya hapa, ambayo tunaijua. Fundi wako kuwa wa bei rahisi hakupunguzi hata senti ya mkopo. Tena ni kinyume: kwa sababu mtaji wetu ni ghali kuliko wa Mjerumani, mashine yetu ndio haifai kabisa kulala.

Halafu kuna wale wa upande mwingine, vijana wenzangu: "Otomatiki itaiba kazi zetu." Hii naiheshimu zaidi, kwa sababu inatoka kwa tumbo. Sitakudanganya kwamba hakuna mtu atakayeguswa. Lakini angalia vizuri ni kazi gani inaondoka hapa. Ni kutafuta bolti. Ni kungoja. Ni kupima kitu kile kile kwa mara ya sita. Hakuna mama aliuza shamba ndio mtoto aende kusomea kungoja. Karakana inayofanya kazi 9 kwa siku badala ya 4 inahitaji mtu wa kuchora, mtu wa kupanga vyombo, mtu wa kupima ubora, mtu wa kuongea na wateja. Karakana ya kazi 4 inahitaji walinzi wa mashine iliyolala, na siku benki ikija, haihitaji mtu yeyote.

Lakini kuna kitu kinaniuma zaidi ya hayo yote, na ndio sababu halisi ya mimi kuandika.

Kabla niache chuo, nilifanya atachimenti kwa karakana moja hapa Nairobi, jina wacha likae. Miezi mitatu. Nilifagia chenga, nilibeba vyuma, nilinunua chai. Kila fundi mkubwa alipofika kwa hatua ya kuandika namba za sifuri, alisogea akakinga skrini kwa mgongo. Si kwa bahati mbaya. Kila mara. Sisi watatu wa atachimenti tulimaliza tukijua rangi ya ovaroli yake. Na alipougua wiki moja, mashine mbili zilisimama wiki moja, kwa sababu setapu yote ilikuwa ndani ya kichwa kimoja, na kichwa kilikuwa kimelala hospitali.

Nikiwa na hasira nilidhani ni roho mbaya. Sasa naona hesabu yake. Yule mzee ameona wenzake wakifundisha vijana halafu mdosi anabaki na kijana kwa nusu mshahara. Siri ndiyo bima yake pekee. Hana pensheni ya maana, hana kandarasi, ana zile namba kichwani. Ukimwambia aziandike kwa karatasi ya setapu, unamwambia akupe bima yake bure. Akikataa, si mjinga.

Kwa hivyo wadosi, msikimbilie kununua probu kama hamjamaliza hii. Otomatiki ya setapu, ukiitazama vizuri, ni kutoa ujuzi kwa kichwa cha mtu na kuuweka mahali ambapo wote wanaufikia. Ujuzi huo una mwenyewe. Mlipe. Mwandikie kandarasi. Mpe sehemu ya zile dakika 70 mtakazookoa, na ahesabiwe kama mwalimu, na jina lake likae juu ya kila karatasi ya setapu aliyoandika. Mkitaka kuvuna kichwa cha mzee halafu mumwonyeshe geti, atawaficha, na mimi nitamsifu.

Na serikali nayo isijifiche nyuma ya utepe. Nchi hii haijakosa mashine hizi. Tuna Numerical Machining Complex hapa Nairobi, taasisi yenye chimbuko kwa mradi ule wa gari la Nyayo Pioneer, gari lililozinduliwa mwaka wa 1990. Tunazo mashine kwa vyuo vya ufundi, na kila zikifika kuna hema, kuna viti vya plastiki, kuna hotuba. Swali langu kwa kila chuo ni moja: mwanafunzi ameseti mashine mara ngapi kwa mikono yake kabla ya kufuzu? Sio ameangalia. Ameseti. Kama mitihani inapima kipande kilichokatwa tu na haipimi dakika zilizotangulia, tunafuzisha watazamaji wa mashine. Wekeni setapu kwa mtihani, na saa ikihesabu.

Na wewe kijana uko atachimenti sasa hivi, unafagia chenga: fagia, lakini toa daftari. Andika kila kitu kinachotafutwa, na kilikuwa wapi. Wiki mbili tu. Halafu mpelekee fundi kwanza, kabla ya mdosi, kwa heshima: "Mzee, nimeona hii bolti tunaitafuta kila siku, naweza kukutengenezea ubao wa kutundika?" Huo ubao wa mbao wenye misumari ndio otomatiki ya kwanza utakayojenga. Nimeona watu wakiomoka wakianzia kwa vitu vidogo kuliko hapo.

Wadosi, mkinikasirikia niandikieni hapo chini. Lakini kabla hujaandika, chukua saa, uende kwa mashine yako kesho asubuhi, uhesabu tangu kipande kizuri cha mwisho mpaka kipande kizuri cha kwanza. Njoo na hiyo namba, tuongee.